Studio kwa Mtu Mwenye Mashangazi

Ukitaka kufungua studio ya picha Mji Mkongwe na mfukoni hamna kitu, anza kwa kuhesabu mashangazi. Kamera utaazima, au utatumia simu uliyonayo na kudai ndiyo fasheni. Nyuma ya mteja utatundika shuka la bluu, maana wateja wako wengi watataka paspoti saizi na hawana haja ya maporomoko ya maji. Kinachomaliza vijana ni mwangaza. Taa za studio ziko madukani, zina miguu, miavuli na bei zake, na muuzaji anajua kutokana na macho yako kwamba hununui. Mwongozo huu ni wa wale wanaotoka dukani kwa heshima, wakisema watarudi jioni.

Shangazi wa kwanza kumtafuta ni mwenye chumba. Huyu usimkasirishe hata siku moja. Chumba atakachokupa kitakuwa kirefu na chembamba mithili ya mtumbwi, na usimlaumu. Dari za nyumba za zamani za mji huu zinabebwa na boriti za mikoko, na boriti ikifika mita tatu imejitahidi sana. Fundi hakuulizwa chumba kiwe na upana gani. Aliletewa miti, akajenga kuta zifuate miti. Ndiyo maana jumba la ghorofa tatu, lenye mlango wa nakshi wa kuwasimamisha watalii, lina vyumba ambavyo kitanda kikiingia mwenye kitanda anatoka.

Sasa fungua kitabu chochote cha upigaji picha kilichoandikwa Ulaya. Kitakwambia taa kuu iwe mita mbili kushoto kwa mteja, ya pili mita mbili kulia, ya tatu nyuma yake kwa mbali. Ukitii, taa ya kulia itakuwa imeshatoka nje ya ukuta na inawamulika jirani zako wakila chakula cha usiku. Muweke mteja mwisho mmoja wa chumba, wewe simama mwisho wa pili, na mambo yote ya kushoto na kulia yamalize ndani ya mita moja. Na hapa ndipo mikoko inapokulipa. Taa iliyo mita moja kutoka usoni inafikisha mwangaza mara nne ya ule unaofika ikiwa mita mbili. Ikiwa mita tatu, unabaki na sehemu moja ya tisa. Mwenye ukumbi mpana ananunua taa kubwa ili apigane na upana wa ukumbi wake. Wewe huna ukumbi, huna vita.

Kuta nazo zina mchango wake, ukizijua tabia. Ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na zikipakwa chokaa nyeupe zinarudisha mwangaza kila pembe. Lakini ikiwa shangazi alipaka rangi ya kijani mwaka aliorudi Hija, zifunike. Ukuta wa rangi humrudishia mtu rangi yake usoni, na hakuna bibi harusi aliyelipia mashavu ya kijani. Kupiga misumari ni marufuku. Lipu ya zamani haishiki msumari. Utaugonga mmoja na utashuka ukuta mzima. Nyumba ikiwa ya Wakfu, kama zilivyo nyingi humu mjini, una mwenye mali wa kumjibu. Na tangu UNESCO iutie Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, tundu lako limekuwa hasara ya wanadamu wote. Funga kamba kwenye boriti. Zimebeba ghorofa mbili na sherehe zake, chandarua hakitazishinda.

Ukishapata weupe wote huo utagundua kwamba nyuso zimekuwa bapa. Mwangaza unatoka kushoto, unagonga ukuta wa kulia, unarudi, na pua ya mteja inatoweka. Katika studio za wenye pesa pana vitambaa maalumu vyeusi vya kumeza mwangaza wa ziada. Sisi tuna buibui. Litundike upande wa kivuli, karibu na shavu, nusu mita hivi, nje kidogo ya fremu, na uone taya linavyochongoka. Mwenye buibui atataka kujua kwa nini limekaa kwenye kamba siku nzima na yeye ana safari ya Darajani. Mwambie anachangia sanaa. Kisha mrudishie.

Dirisha ndiyo taa kuu ya studio hii, na ndiyo pekee isiyopitia kwenye mita. Wapigapicha wa Kigoa waliofungua studio mjini hapa karne ya 19, akina A. C. Gomes na akina Coutinho, walitegemea jua, na kadi zao za posta bado zinatafutwa na wakusanyaji. Jambo moja tu: kile kitabu cha Ulaya kitakusisitizia utafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko kwao jua halipiti kaskazini na mwangaza wa upande huo unatulia siku nzima. Hapa tuko nyuzi sita kusini ya ikweta. Kuanzia kiasi cha tarehe 5 Machi hadi 9 Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, na dirisha hilo lililosifiwa kitabuni linakuletea miale ndani ya macho ya mteja. Miezi iliyobaki jua linahamia kusini. Kwa hiyo mwenye akili awe na mashangazi wawili, mmoja wa dirisha la kaskazini kwa kaskazi, mmoja wa dirisha la kusini kwa kusi, ahamehame kama majahazi yalivyokuwa yakifanya. Asiyeweza kuhama asihuzunike. Madirisha mengi ya Mji Mkongwe hayatazami kaskazini wala kusini. Yanatazama ukuta wa jirani, ambao uko karibu kiasi cha kupokezana chumvi. Ukuta huo ukiwa mweupe na jua likiugonga, umepata taa laini yenye ukubwa wa nyumba. Ukiwa wa waridi, nenda ukazungumze na jirani, na uende na kitu mkononi.

Madirisha ya zamani yana milango ya juu na ya chini. Funga ya chini, acha ya juu, mwangaza ushuke kutoka juu kidogo ya macho. Muweke mteja ubavuni mwa dirisha, si mbele yake, kama mita moja, amegeuza uso kidogo kuelekea nje. Jua likiingia moja kwa moja litachora nondo za dirisha kwenye paji la uso, na picha ya paspoti ya mtu aliye nyuma ya nondo huzua maswali uwanja wa ndege. Tundika kitambaa cheupe, upate mwangaza uliochujwa. Kitambaa kinafanya kazi kwa sababu kinageuza jua, ambalo angani ni duara dogo, kuwa taa yenye ukubwa wa kitambaa chenyewe. Na taa ikiwa kubwa kuliko uso na iko karibu nao, vivuli vinalainika. Siri yote ya masanduku ya kitambaa yanayouzwa kwa pesa nyingi ni hiyo tu, na muuzaji hatakwambia.

Kitambaa gani? Chandarua kikunjwe mara mbili, ikiwa unacho cheupe. Cha bluu waachie mbu. Marikani inafaa. Merikebu za Salem, Massachusetts, ziliileta kwa wingi hapa karne ya 19, na Marekani ikafunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, kwa hiyo ukitundika marikani dirishani unaweza kumwambia mteja kwamba taa yako ina historia ya kidiplomasia. Ila marikani mbichi ina umanjano. Ifue mpaka ikate tamaa. Bafta ni nyeupe zaidi na nyembamba zaidi, na kwa kazi hii haina mpinzani, lakini majirani wakikuona unaingia na mita sita za bafta watakuja na mikeka kuuliza nani kafariki.

Upande wa pili wa uso weka sinia. Kazi yake ni kurudisha mwangaza chini ya nyusi na chini ya kidevu, pale panapogeuka shimo. Lishike chini ya kifua, lielekee juu, na mwangalie mteja machoni: ukiona nukta ndogo ya mwangaza imewaka ndani ya mboni, acha hapohapo, usiguse kitu. Sinia jipya linalong'ara hutoa miale ya kukera. Linalofaa ni lile lililosuguliwa kwa mchanga na jivu tangu harusi ya mama yako mpaka uso wake ukafifia. Mwenye kulishika awe mtoto wa skuli aliye likizo. Malipo yake ni picha moja, ambayo atataka airudie.

Kwa usiku tunakuja kwenye kawa. Lile kawa la kufunikia chakula, la ukili wa rangi, lenye ncha juu, limeumbika kwa taa kuliko vitu vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Libandike ndani karatasi ya fedha ya kufungia vyakula, iliyokunjwakunjwa kwanza ili isitoe miale ya moja kwa moja. Pitisha holda ya globu pale kwenye ncha. Kisha funika mdomo wake kwa kipande cha ile bafta. Ndiyo, lazima utoboe ncha. Hapana, usimuulize mwenyewe kabla. Tumia globu ya LED tu. Zile za zamani za waya mwekundu hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, na ukili mkavu, karatasi na bafta vikikutana na joto hilo utapata mwangaza mkali kuliko uliokusudia, pamoja na gari la zimamoto lisiloweza kuingia kichochoroni.

Dukani soma kasha la globu. Ikiandikwa 3000K mwangaza wake ni wa manjano, wa sebuleni. 6500K ni mweupe unaoelekea ubuluu, unaokaribia mwangaza wa dirisha. Chagua kundi moja, ubaki nalo. Anayewasha ya manjano kushoto na kuacha dirisha kulia atapata mtu mwenye nusu uso wa Nungwi jioni na nusu uso wa hospitali. Na ukiona michirizi ya giza inapita kwenye kioo cha simu, si jini. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, globu za bei rahisi zinafumba na kufumbua mara 100, na simu inazinasa zikiwa zimefumba. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, weka kasi ya 1/50 au 1/100, michirizi itaondoka. Ushauri huu ndio pekee katika makala haya ambao hauhitaji ndugu.

Hatua inayofuata ilikuwa kuwasha taa, lakini umeme umekatika.

Kabla hujalaumu mtu, angalia kama uniti zimekwisha. Mita ya TUKUZA haina shangazi wala haikopeshi. Ikiwa mtaa mzima umezima, basi ni jambo la kisiwa, na kisiwa kina uzoefu. Umeme wetu unavuka bahari kwa waya kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikazimika tena, na haikuwaka sawasawa mpaka Machi 2010. Kizazi kilichofunga ndoa katika miezi hiyo kina albamu za harusi zilizopigwa kwa flashi na jenereta, na ukizitazama unaweza kusikia mlio. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani, hali ikawa bora, lakini mpigapicha anayeahidi saa mbili usiku bila kuongeza inshallah bado ni mtu mzembe. Kuwa na taa ya chaji, moja kubwa au tatu ndogo, uziweke ndani ya kawa lilelile. Mteja akiuliza kwa nini mwangaza umepungua, mwambie umebadili mtindo.

Sasa kuna suala ambalo vitabu hulipita kwa aya moja: mteja wako ni mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe. Kamera ikiona kanzu inaogopa, inapunguza mwangaza, na uso unabaki kofia na meno. Ukiilazimisha imwangalie uso, kanzu inageuka karatasi tupu, darizi zote za kifuani zimekwenda. Lawama nyingine ni za kurithi. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi isiyofanana na ya Shirley ilijitegemea. Kampuni ilianza kushughulikia vivuli vya kahawia kwa dhati baada ya malalamiko ya wauza fanicha na wauza chokoleti, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Tumefaidika, basi, kupitia kabati.

Tiba kwetu si kumwongezea mtu taa kali usoni. Ukimrushia taa kali atang'aa jasho. Ngozi nyeusi inapendeza kwa vile inavyoakisi, kwa hiyo ipe kitu kikubwa na laini cha kuakisi: dirisha lenye bafta, ukuta mweupe, kawa lililosogezwa karibu. Geuza kiwiliwili kitazame mbali na dirisha, uso urudi kulitazama. Kanzu itapata mwangaza wa pembeni na nyuzi zake zitaonekana. Gusa uso kwenye kioo cha simu ndipo upige. Tone la mafuta ya nazi juu ya mashavu si dhambi. Kwa bibi harusi aliyekwisha pambwa rangi mbili tofauti, moja ya uso na nyingine ya shingo, hakuna mpango wa taa ulimwenguni unaosaidia. Mvalishe mkufu mpana.

Ukitaka kujifunza bila ada, nenda barabara ya Kenyatta, Shangani, kwenye studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ukazitazame picha za zamani. Usitazame masultani. Tazama kivuli cha pua kinakoangukia, ndiko upande wa pili ilikokuwa taa. Tazama mboni: ikiwa ndani yake pana mraba, hilo ni dirisha, pakiwa na duara, hiyo ni globu. Mzee aliyekaa kwenye kiti miaka mingi iliyopita bado amebeba ramani ya studio ndani ya jicho lake. Utasimama hapo muda mrefu, watu watadhani unatafuta jamaa yako, na katika mji huu si ajabu ukampata.

Kuhusu kupiga nje sina mengi. Kichochoro chenye kuta ndefu nyeupe ni studio kamili mpaka ipite vespa. Magharibi mwa mji, Forodhani, jua la jioni linapendeza, lakini kwetu jua huzama kwa kushuka wima, halichezi. Ukisema "subiri nibadilishe lenzi" limeshaingia majini, adhana imelia, na mteja ameondoka kwenda kuswali. Siku za Idi peleka simu yako viwanja vya Mnazi Mmoja, watoto wako huko na nguo mpya. Huhitaji taa, unahitaji peremende. Pwani ya Paje mchanga mweupe unamulika watu kutoka chini ya kidevu, jambo ambalo halimfai mtu yeyote aliyezidi miaka 30.

Zimebaki hesabu. Wenye studio za taa za dukani hulipa mara moja, wakamaliza. Wewe utalipa kwa awamu zisizoisha: mwenye chumba anataka picha ya familia, ukubwa wa ukutani, pamoja na jamaa wa Pemba, mwenye buibui anataka ya peke yake, "na usimwambie mtu", mwenye kawa ameshaona tundu. Msimu wa harusi ndio utakaokufumbua macho. Watu humaliza Ramadhani, Mfunguo Mosi ukaingia, ndoa zikafuatana, simu yako ikalia mfululizo, na siku hiyohiyo sinia linadaiwa kwa ajili ya biriani, kawa linadaiwa kwa ajili ya sinia, na chumba kimelaliwa na wageni. Usibishane. Beba simu, kodi vespa, vifuate vifaa vyako hukohuko harusini. Kaa kwenye mkeka ulio karibu na dirisha, kula pole pole, na watu wakishanawa lifute lile sinia kwa karatasi, mpe mtoto alishike chini ya kifua, umwite bwana harusi. Malipo yachukue kabla ya picha kutumwa, maana baba wa bibi harusi atakuuliza, kwa haki kabisa, kwa nini alipie mwangaza uliotoka kwenye vyombo vyake.